Mwuguzi Mmoja na Vitanda Thelathini

Katika nyumba zetu, mgonjwa akirudi salama kutoka hospitali, watu huuliza: "Daktari gani alimtibu?" Akirudi maiti, huuliza: "Alikuwa akiugua nini?" Ni nadra mtu kuuliza: "Je, usiku ule wauguzi walikuwa wangapi zamuni, nao walikuwa na miaka mingapi katika kazi ile?" Swali hilo laonekana dogo, tena kavu, kama swali la karani wa mahesabu. Lakini sisi twaona ni swali la uhai na mauti, na kwa hiyo ni swali la dhamiri. Juma hili twataka kulitafakari pamoja nanyi, wasomaji wetu, tukichukua mfano wa kisiwa cha Unguja, ambako jambo hili limechunguzwa kwa makini, na ambako historia ya uuguzi ni ndefu kuliko mahali pengi pa Afrika ya Mashariki.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikesha kando ya kitanda cha mzee mmoja, ndugu yetu, katika hospitali ambayo hatuna haja ya kuitaja. Wodi ilikuwa na vitanda vipatavyo thelathini, na mwuguzi alikuwa mmoja, msichana ambaye hajatimiza mwaka tangu amalize chuo. Usiku kucha hakuketi. Yapata saa tisa, mgonjwa wa kitanda kilicho karibu na mlango alianza kupumua kwa shida. Mwuguzi hakumwona, kwa kuwa wakati huo alikuwa mwisho wa wodi akimshikilia mgonjwa mwingine aliyekuwa akitapika damu. Tulipokwenda kumwita alikuja mbio, akasimama katikati ya wodi, akatazama huku, akatazama kule. Alikuwa mtu anayetakiwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, naye alijua. Mgonjwa wa mlangoni alifariki kabla ya alfajiri. Asubuhi jamaa zake walipofika, walimtukana yule msichana mbele ya watu wote. Yeye hakujibu neno.

Je, walikuwa na haki kumtukana? Na kama kosa si lake, ni la nani? Au tuseme hapana kosa lolote, siku ya marehemu ilikuwa imefika tu?

Jibu hili la tatu ndilo linalopendwa sana na watu wetu, Waislamu na Wakristo sawasawa. Hatulidharau. Kwa mfiwa ni neno la faraja, na mwenye imani hajui neno lingine la mwisho. Lakini neno linalofaa kinywani mwa mfiwa halifai kinywani mwa yule anayepanga zamu. Mwenye chombo aliyepakia abiria kupita kiasi, chombo kikazama, hawezi kusimama pwani na kuwaambia wajane kwamba siku ya waume zao ilikuwa imefika. Watamwuliza: "Wewe ulipakia wangapi?" Basi na sisi yatupasa kwanza kuuliza: je, idadi ya wauguzi yabadilisha kweli mwisho wa mgonjwa, au huongeza starehe yake tu?

Kwa swali hili dunia haimo tena gizani. Mwaka 2002 bibi Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika hospitali 168 za jimbo hilo, juu ya wagonjwa zaidi ya 230,000 waliopasuliwa. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa juu ya mzigo wa mwuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 tangu kulazwa huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Mahali ambapo mwuguzi ana wagonjwa wanane badala ya wanne, uwezekano huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 31. Mwaka 2014 jambo lile lile likatangazwa kutoka nchi tisa za Ulaya, juu ya wagonjwa zaidi ya 420,000, na hesabu ikarudi karibu pale pale. Jimbo la California halikungoja: tangu mwaka 2004 sheria yake huweka ukomo wa wagonjwa kwa kila mwuguzi, na katika wodi za kawaida ukomo huo ni watano.

Mtu mwangalifu atasema kwamba hesabu za namna hii huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala hazionyeshi peke yake kwamba moja limezaa la pili. Kweli. Ndiyo maana yafaa tutazame kazi yenyewe ilivyo, tuone kama ina njia ya kuua na kuponya. Daktari humpitia mgonjwa asubuhi, humpima, huandika, huenda zake. Saa zinazobaki za mchana na usiku, mgonjwa yu mikononi mwa mwuguzi. Magonjwa hayana desturi ya kungoja daktari arudi. Mama aliyejifungua akianza kutoka damu nyingi aweza kufa katika muda wa saa mbili. Mtoto mwenye homa kali hubadilika kati ya adhana ya isha na usiku wa manane. Aliyepasuliwa jana huonyesha dalili ndogo kwanza: mapigo yameenda mbio kidogo, ngozi imekuwa baridi, maneno yamevurugika. Dalili hiyo yataka mtu wa kuiona, tena mtu anayejua maana yake, tena aione mapema. Basi kumtazama mgonjwa ni sehemu ya dawa yenyewe, na pengine ndiyo sehemu ambayo bila hiyo dawa nyingine zote hufika mgonjwa amekwisha kufa.

Hapo ndipo tufikapo Unguja.

Katika Desemba ya mwaka 1860 padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, na pamoja naye masista wa shirika la Mabinti wa Maria na daktari wa jeshi la majini la Ufaransa. Wakafungua mahali pa kutibia wagonjwa mjini. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1860 ndipo Florence Nightingale alipofungua chuo chake cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Baadaye Waanglikana wa UMCA walikuwa na hospitali yao Mkunazini, karibu na kanisa lililosimamishwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Hospitali kubwa ya leo, Mnazi Mmoja, ilijulikana kwanza kwa jina la Karimjee Jivanjee, kisha baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa V. I. Lenin, kisha ikapata jina ililo nalo sasa. Majina yamegeuka pamoja na tawala. Kazi ya kukesha na mgonjwa haikugeuka.

Na atembeaye njia ya Mizingani, ukingoni mwa bahari ya Mji Mkongwe, ataona jengo zuri lenye baraza za mbao zilizonakshiwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, aliyekusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kazi haijakwisha. Jengo lilikamilika mwaka 1894, lakini halikupata kuwa hospitali ile aliyoiwaza: lilikuja kuwa na zahanati katika ghorofa ya chini na nyumba za kupangisha juu, na watu wakalizoea kwa jina la Zahanati ya Zamani. Hatulisemi hili kwa kumcheka marehemu, ambaye nia yake ilikuwa njema. Twalisema kwa sababu jengo lile lafundisha jambo ambalo kila kizazi hulisahau: kuta hazimwuguzi mtu.

Sasa tuingie katika chumba cha kujifungulia. Ujuzi wa ukunga wataka mwanamke aliye katika uchungu uliokolea asikilizwe mapigo ya moyo wa mtoto wake kila baada ya nusu saa hivi, na anapoanza kusukuma, kila baada ya dakika tano hivi. Tufanye hesabu ya skuli ya msingi. Mkunga ana wanawake watano. Kuyasikiliza mapigo sawasawa, kuandika, kunawa mikono, kumwambia mama neno moja la kumtuliza, tuseme dakika sita. Sita mara tano ni thelathini. Mzunguko umekwisha, na wakati wa kuanza tena umefika. Hajapima shinikizo la damu, hajatundika dripu, hajampokea mama aliyeletwa sasa hivi kwa gari kutoka Nungwi, hajanywa maji. Na mmoja wa wale watano akianza kusukuma, mkunga hawezi kumwacha, na wanne wengine hawana mtu. Mshika mbili moja humponyoka, walisema wazee. Na huyu ameshika tano, na kila moja ni watu wawili.

Hesabu hii hatukuitunga kwa ajili ya makala. Katika Mnazi Mmoja, ambako miaka ile walizaliwa watoto zaidi ya 10,000 kwa mwaka, watafiti walikuta mkunga mmoja akihudumia wanawake watatu hata sita walio katika uchungu kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2014 wakunga na madaktari wa hospitali hiyo, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen akiwamo daktari Nanna Maaløe, walianza kazi iliyoitwa PartoMa. Hawakuleta mashine kubwa. Walikaa na wakunga wenyewe, wakauliza: mwongozo gani waweza kufuatwa na mkunga mwenye wanawake wengi hivi, badala ya ule ulioandikwa kwa hospitali za nchi tajiri? Ukatoka mwongozo mfupi, kitabu cha mfukoni, na semina kila miezi mitatu. Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hospitalini humo, 59 walizaliwa wafu. Mwaka mmoja baadaye walikuwa 39. Na watoto waliozaliwa hai lakini wamezidiwa kwa kukosa hewa walipungua kwa karibu nusu.

Uchunguzi huo ulilinganisha wakati na wakati katika hospitali moja, kwa hiyo hatutasema kwamba kila mtoto aliyeokoka aliokolewa na kitabu kile. Hata hivyo twapata mafunzo mawili, nayo yataka kushikwa yote mawili pamoja.

Fundisho la kwanza: wale watoto ishirini katika kila elfu hawakuwa wameandikiwa kufa. Nyumba ile ile, watu wale wale wachache, lakini wamepangwa na kufundishwa vizuri zaidi, na vifo vimepungua kwa theluthi. Basi wale wanaosema "tufanyeje, sisi ni maskini" wana jambo la kufanya tangu kesho.

Fundisho la pili: 39 si idadi ndogo. Ni makaburi madogo 39 katika kila uzazi elfu moja. Mpangilio mzuri wafika mahali ukagonga mwamba, na mwamba huo ni idadi ya mikono. Kwa hiyo mkubwa yeyote asije akachukua habari ya PartoMa na kusema: "Mwaona? Hatuhitaji kuongeza wauguzi." Anayesema hivyo afanana na mtu aliyeona punda akipakiwa vizuri akaenda mbali kidogo, akakata shauri ya kutompa majani.

Twageuka sasa kwenye uzoefu, kwa maana idadi peke yake haitoshi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na wanagenzi kumi hawafanyi fundi mmoja. Mwaka 2014 bibi Ann Bartel wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walitangaza uchunguzi wao katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Waliona kwamba wastani wa miaka ambayo wauguzi wamefanya kazi katika wodi ile ile unapoongezeka kwa mwaka mmoja, siku za mgonjwa kitandani hupungua kwa asilimia 1.3 hivi. Ni kidogo kwa mgonjwa mmoja, lakini ni kingi kwa hospitali nzima kwa mwaka mzima. Na tuangalie: ni miaka katika wodi ile ile. Mwuguzi aliyekaa anajua dawa ya dharura imewekwa kabati gani, daktari yupi huitika upesi usiku, mgonjwa wa namna gani hudanganya kwa kuonekana mzima.

Lakini ukweli wadai tuseme na upande wa pili. Bibi Aiken na wenzake, katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2003, waliona kwamba elimu ya wauguzi ilipunguza vifo, ila miaka yao kazini, ikihesabiwa peke yake, haikuonyesha tofauti. Je, twaamini lipi? Sisi twaona hapana ugomvi, kama tukisikiliza lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja: uzoefu na mazoea. Yote mawili hutoka katika kuzoea. Mwenye uzoefu ameona vifo mia, na kila kimoja kimemfundisha dalili moja. Mwenye mazoea ameona vifo mia, na kila kimoja kimempunguzia kushtuka. Miaka yao kazini ni sawa. Karani akiihesabu ataandika tarakimu ile ile. Lakini wa kwanza akisikia mgonjwa anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi huinuka, na wa pili hugeuza uso.

Nini humfanya mmoja awe wa kwanza na mwingine wa pili? Kwa sehemu ni moyo wake, na hapo kila mtu atajibu mwenyewe. Lakini kwa sehemu kubwa ni mzigo. Mtu asiyeweza kuwasaidia wote anaowaona wakiteseka, usiku baada ya usiku, ana njia tatu: kuvunjika, kuondoka, au kujifunga moyo asione. Walio wema sana huvunjika, wenye nafasi huondoka, na waliobaki twawalaumu kwamba wana moyo mgumu. Kumbe ugumu huo twaufinyanga sisi wenyewe. Uchache wa wauguzi hauli mikono tu, hula na macho. Hugeuza uzoefu kuwa mazoea. Ndiyo sababu twasema kwamba mambo haya mawili, idadi na uzoefu, hayatenganishwi: ukitaka wauguzi waliokomaa, huna budi kuwapa mzigo ambao mtu aweza kuubeba kwa miaka ishirini na bado akawa mtu.

Turudi basi kwa yule msichana na swali letu la kosa.

Wanafalsafa na wanasheria wa tangu zamani wamekubaliana kwamba hapana mtu afungwaye na wajibu wa lisilowezekana. Kuwa mahali pawili haiwezekani. Kwa hiyo jamaa za marehemu, ijapokuwa tunawahurumia, walimtukana mtu asiye na hatia. Lakini tusiishie hapo, kwa sababu wengi hupenda kuishia hapo: "Basi hapana mwenye kosa." La. Lisilowezekana kwa mmoja laweza kuwezekana kwa wengi, na lisilowezekana usiku ule liliwezekana mwezi mmoja kabla, katika ofisi ilipopangwa zamu, na mwaka mmoja kabla, katika baraza ilipogawanywa fedha. Wajibu hufuata uwezo. Pale uwezo wa msichana ulipokoma, wajibu haukufa; ulipanda ngazi, ukaenda kubisha katika mlango wa aliye na uwezo zaidi. Taabu yetu ni kwamba ngazini hapana anayefungua. Kila mmoja husema aliye juu yake ndiye. Na mzigo wote hurudi chini na kumwangukia yule asiyeweza kuupandisha tena.

Atajibu mwenye kusimamia fedha: "Nchi yetu ni maskini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba dunia nzima ina upungufu wa wauguzi karibu milioni 6. Sisi ni nani?" Twalikubali neno hilo, na twaongeza kwamba nchi tajiri zinazowachukua wauguzi waliosomeshwa kwa fedha za maskini zina deni lao la kujibu. Hata hivyo umaskini hauondoi swali, wauongeza ukali wake. Baba maskini hahukumiwi kwa kutoweka nyama mezani. Ahukumiwa ikiwa amenunua kiti cha fahari na watoto hawana unga. Katika miaka ya karibuni serikali ya Zanzibar imejenga hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba, na hospitali ya mkoa huko Lumumba. Ni jambo la kushukuriwa. Mama wa Makunduchi hastahili kusafiri mpaka mjini ndipo apate kujifungua kwa usalama. Lakini jengo husimama kwa mwaka mmoja au miwili, na mwuguzi aliyekomaa husimama kwa miaka kumi. Kila mlango mpya unaofunguliwa huita wauguzi, na kama hawakuandaliwa, watatolewa katika wodi ya zamani, na wachache watagawanywa wawe wachache zaidi. Vijana wanaosoma Mbweni, katika skuli ya afya ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni wa thamani kubwa kuliko saruji. Waulizwe mapema: wataajiriwa lini, watakaa wapi, na nani mkubwa atakayekesha nao miezi ya kwanza?

Zaidi ya hayo kuna mambo yasiyodai fedha nyingi. Asiachwe mgeni wa kazi peke yake usiku. Afungamanishwe na aliyemtangulia. Asihamishwe kila mara mwuguzi aliyekwisha kuijua wodi yake, kana kwamba watu ni viti. Na aliyekomaa asilazimike kukimbilia ofisini ili apate cheo na mshahara. Itafutwe njia ya kumpandisha akiwa angali kando ya kitanda. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hao lazima wawepo mahali neno linapoharibikia.

Kwa wauguzi wenyewe tuna neno moja, nalo ni zito. Twajua kwamba mahali pengi duniani karatasi ya mgonjwa hujazwa baadaye: mapigo ambayo hayakuhesabiwa huandikwa kana kwamba yalihesabiwa, kwa hofu ya mkubwa atakayekagua asubuhi. Ndugu zetu, msifanye hivyo. Nafasi tupu katika karatasi ni shahidi. Yasema: "Saa hii hapakuwa na mtu." Ukiijaza kwa uongo, umeua ushahidi uliokuwa ukikutetea wewe, na kumtetea mgonjwa wa kesho, umesaidia uchache uitwe utoshelevu. Na ninyi wakubwa mnaoadhibu nafasi tupu bila kuuliza wauguzi walikuwa wangapi, jueni kwamba ninyi ndio mnaofundisha uongo.

Kwa jamaa za wagonjwa pia tuna neno. Katika hospitali zetu ndugu hufanya kazi nyingi za uuguzi: huleta uji na supu katika vikapu, huosha, hugeuza, hukesha. Ni sifa yetu, na Mungu aidumishe. Lakini tusijidanganye kwamba upendo wa ndugu huweza kushika mahali pa mwuguzi. Ndugu humwona mgonjwa amenyamaza, akashukuru kwamba amelala. Mwenye ujuzi humwona amenyamaza, akamwita daktari. Basi twendapo hospitali tumsaidie mwuguzi tunaloliweza, tumwachie analoliweza yeye tu. Na tukiwa na uchungu, tusimalizie uchungu wetu juu ya mtu wa karibu kwa sababu tu yu karibu. Hasira yetu ni ya haki, tuipandishe ngazi. Mbunge na mwakilishi aombaye kura aulizwe juu ya barabara, aulizwe na juu ya zamu ya usiku.

Masista wale wa mwaka 1860 walikuwa wachache mno, na kisiwa kilikuwa na maradhi mengi. Twawasifu, na ni haki. Lakini kuna namna ya kusifu ambayo ni ujanja. Tukimwita mwuguzi malaika, mara twajiona tumemlipa. Na malaika hahitaji usingizi, wala mwenzake wa zamu, wala nyumba ya kupanga. Mwuguzi si malaika. Ni binadamu mwenye macho mawili na mikono miwili, na ujuzi wote wa uuguzi umejengwa juu ya ukweli huo mnyenyekevu. Ushujaa wake ni sadaka yake mwenyewe, hutoa akipenda. Sisi hatuna haki ya kuuandika katika bajeti.

Yule msichana wa usiku ule hatukumwona tena. Pengine angali kazini, na sasa ni mkubwa wa wodi ambaye haruhusu mgeni akeshe peke yake. Pengine yumo miongoni mwa walioondoka. Au pengine amebaki, naye hashtuki tena. Katika hayo matatu, lililompata halikuwa mikononi mwake peke yake. Basi, msomaji, siku utakapompeleka mzazi wako au mtoto wako hospitali, uliza jina la daktari kama ilivyo desturi. Kisha uliza kwa adabu: usiku huu wauguzi ni wangapi, na mkubwa wao ni nani? Kama jibu halikuridhishi, usimgombeze aliyekujibu. Mshukuru kwa kusema kweli, kisha ulichukue jibu hilo kwa wale wanaoweza kulibadilisha.